Sista Kasyoka na Mvua ya Novemba

Ijumaa hii, tarehe 30 Machi 2007, Sista Stellah Kasyoka, muuguzi wetu, anafunga mlango wa zahanati ya shule yetu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Alikuja mwaka wa 1981 akisema atakaa muhula mmoja tu, aone kama wasichana wa bweni wana nidhamu. Mpaka leo hajatupa jibu.

Wanafunzi walimpenda na kumwogopa. Aliyejifanya mgonjwa siku ya mtihani wa hesabu alilazwa vizuri, akafunikwa blanketi, kisha akaletewa mtihani kitandani. Sisi walimu pia hatukusalimika. Ukimwendea na kikohozi, alikuagiza usukutue kwa maji ya chumvi. Ukimwendea na mguu ulioteguka, alianzia hapo hapo kwenye maji ya chumvi.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa Novemba iliyopita. Mwaka ulikuwa umeanza na ukame, kisha mvua ikaja kwa fujo hata tukawa tunavuka maji barabarani pale Adams Arcade na viatu mkononi. Nyasi za nyuma ya bweni zilifika magotini kwa kukosa siku kavu ya kufyeka. Ukutani hapo tulikuwa tumetoka kufunga taa mpya kali, tukijipongeza kwa usalama.

Asubuhi moja wasichana wanane waliamka na michirizi myekundu shingoni, imevimba na kutoa malengelenge kama ya moto. Walipaka dawa ya meno, ikawa balaa. Mzazi mmoja wa Westlands alifika amewaka, akadai binti yake amechomwa kwa pasi, na mwenye pasi bwenini ni mmoja: matroni wetu, Hannah Waceke. Kufikia jioni Hannah alikuwa ameambiwa akae nyumbani kwake, mtaa wa Satellite, mpaka bodi ikutane Ijumaa. Ni mjane mwenye watoto watatu, na sote tulijua kikao hicho kingemfuta kazi. "Sister, mimi sijachoma mtoto ya mtu," alilia pale zahanatini.

Sista alimwamini. Alama kama hizo alikuwa ameziona wakati wa mvua za El Nino. Alisema mchomaji ni nzi wa Nairobi, ambaye wala si nzi, bali ni mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi. Wakati wa ukame hujificha ardhini. Mvua ikizidi huzaana kwenye majani yanayooza, kisha hupanda nyasi na kufuata taa. Haumi. Ukimponda, maji yake ndiyo huchoma ngozi, na hutajua mpaka kesho yake.

Mwenyekiti wa bodi, Bwana Jamleck Ndegwa, alisikiliza kwa heshima lakini hakushawishika. Basi Jumatano, giza lilipoanza kuingia, Sista aliwasimamisha mwenyekiti na yule mzazi chini ya taa ya bweni. Akaokota mdudu mmoja, akamponda ndani ya kiwiko chake mwenyewe, akakunja mkono. Mzazi alipiga yowe. Sista akasema tu, "Tupatane Ijumaa."

Ijumaa alikuja na malengelenge mawili yakitazamana, juu na chini ya mkunjo, sawasawa na yale ya wasichana. Kikao kilikwisha kabla chai haijaletwa. Mzazi alimwomba Hannah msamaha, wakalia wote wawili, na nyasi zikafyekwa siku hiyo hiyo mvua ikinyesha. Taa tulizihamishia langoni. Siku hizi mdudu akitua kwa msichana, bweni zima humpigia kelele: "Usigonge! Puliza!"

Sista, asante kwa kila homa uliyoituliza, na asante zaidi kwa mkono huo. Tulikupenda, na tutakukosa sana. Nenda nyumbani Kangundo kwa mumeo, Mzee Kitavi, ukapumzike, ufuge kuku wako kwa amani na afya tele. Masika ndiyo haya yanaanza. Ukisikia mvua usiku, lala usingizi wako: Hannah yuko kazini.