Kerosi Maranga, Kinyozi wa Kosele Aliyesikiliza Wembe

Tunayemlaza leo katika shamba lake hapa Kosele ni Mzee Kerosi Maranga. Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 huko Nyamarambe, Kisii, mtoto wa tatu wa marehemu Maranga Orina na marehemu Moraa. Alisoma hadi darasa la saba, karo ikakatikia hapo.

Mwaka wa 1972 alishuka mjini Migori akajifunza ukinyozi. Alifika Kosele mwaka wa 1979 na wembe wa kukunja pamoja na kinoo, lile jiwe la kunolea kwa maji. Mashine za umeme zilipoingia, vijana walimcheka. Hakujali. Alinoa, akapitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi, akatega sikio kusikia kama makali yamekubali, na mteja mwenye haraka zake alionyeshwa mlango.

Alimwoa Nyaboke mwaka wa 1981 katika kanisa la Waadventista mjini Migori. Bibi arusi, akitaka kumfurahisha mumewe, alikipaka kinoo mafuta ya kupikia. Mzee alishinda akikichemsha kwa sabuni ya unga, kisha akamwambia, "Nyaboke, hiki si chapati." Walilichekea jambo hilo hadi uzeeni.

Machi 2025 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Kunyolewa kwa mashine alikataa, na kunyolewa na kinyozi mwingine pia akakataa. Basi Nyaboke akaketi kando ya kitanda kujifunza kunoa, mzee akisikiliza macho yamefumbwa.

"Bado, Mama Jedidah. Usikandamize. Sukuma kama unasaga wimbi."

Ndevu zilirefuka, naye Nyaboke akaogopa kwamba mumewe angeondoka kabla hajamnyoa.

Ijumaa tarehe 3 Oktoba, jioni, mzee alifumbua macho. "Sasa huo umekubali. Ninyoe."

Alimnyoa bila tone la damu. Lakini jua lilikuwa linatua, Sabato inaingia, na kazi haifanywi siku hiyo, akaharakisha.

"Polepole, mama," mzee alisema. "Mkono wako ni mzuri."

Alifariki asubuhi ya Sabato, uso wake ukiwa safi.

Ameacha mjane wake Nyaboke, watoto Jedidah, Mogire na Lynnet, na wajukuu sita. Upweke umemlemea Nyaboke, na hafichi. Ameomba tuwasomee hili: lau angejua, angemnyoa polepole, Sabato imkute papo hapo, wembe mkononi.

Alale Mzee Kerosi, hadi parapanda ilie.