Fundi Mikoba na Mbwa wa Magurudumu

Ndugu, majirani na mliofanya kazi na marehemu, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake wa kiume, na anaomba radhi mapema, kwa kuwa ukurasa wa mwisho ameuandika mara nne na bado haujamkaa sawa.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Mikoba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na tarehe 2 Mei 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha mikoba ya shule, ambako alishona mikanda ya mabegani kwa miaka thelathini na tisa. Tarehe 18 Desemba 1981 alifunga ndoa na mpaka rangi aliyeletwa kupaka ukuta wa kiwanda, kazi ya siku nne, naye akaivuta wiki tatu, wakajaliwa binti mwaka 1983 na mwana mwaka 1986. Shemeji alitangulia mwaka 2015.

Tarehe 6 Agosti 2019 mbwa wake, Bosi, aligongwa na pikipiki, miguu ya nyuma ikafa ganzi. Sote tulimshauri dada kwamba mbwa achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja, apumzike, lakini yeye alimshonea mikanda ya mkoba, akaifunga kwenye kigari cha magurudumu mawili, na mbwa akarudi kufukuza kuku wa jirani, safari hii kwa kelele zaidi. Mgeni akisema maskini, dada alimjibu, "Maskini nani? Waulize kuku."

Dada alianza kuugua moyo Januari 2024, akalazwa tarehe 5 Februari. Mdogo wake huyu, aliyeachiwa nyumba, alimwonea mbwa huruma, akamvua kigari, akamlaza kwenye godoro na kumlisha kwa mkono, na siku ya nne mnyama akagoma kula. Tarehe 11 mdogo mtu alikwenda wodini kusema kwamba Bosi anakufa kwa majonzi, na kwamba daktari wa mifugo ameshaitwa. Dada, kwa pumzi kidogo aliyobaki nayo, aliuliza, "Kigari umemvua? Mfunge kwanza, bwana, kulia utalia baadaye." Alifariki saa tisa alasiri siku hiyohiyo.

Mdogo mtu alirudi nyumbani, akamfunga mbwa kigari, akikosea mikanda mara mbili, naye Bosi akauzunguka ua akibweka, akamaliza sufuria nzima, huku sebuleni watu wakilia. Wapo waliosema mnyama huyu hana moyo. Mdogo mtu alikuwa amemhurumia siku sita kiumbe ambaye shida yake ilikuwa huyohuyo anayemhurumia. Hata hivyo jana, kikao cha familia kilipoamua sindano ipigwe kesho, alinyoosha mkono na wenzake, na mpaka sasa haelewi kwa nini. Leo ameushusha. Wanafamilia mtamsamehe, Bosi anahamia kwake.

Marehemu ameacha watoto wawili na wajukuu watatu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa kiwandani, na yeyote kati yenu anayejua kufunga mkanda wa tumbo bila kumbana mbwa tunamwomba abaki kidogo baada ya maziko.

Dada, kazi umeimaliza, upumzike kwa amani.