Tamale za Mama Perpetua, Mzaliwa wa Meksiko

Wapendwa katika Kristo, Mungu alitupa mama wa kumsimulia kwa furaha, kwa hiyo mniwie radhi nikicheka msibani.

Mama yetu, Perpetua Manalang Sunga, alizaliwa tarehe 4 Mei 1944 hapa mjini kwetu Meksiko, mkoani Pampanga, Ufilipino, sikukuu ya Mtakatifu Monika, msimamizi wa parokia yetu, maandamano yakipita mlangoni.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia 1951 hadi darasa la sita. Siku moja mwalimu aliuliza merikebu za zamani kutoka Manila zilikuwa zikienda wapi. "Meksiko!" darasa likajibu. Mama akanyoosha mkono: "Mwalimu, zilipitaje kwenye kijito chetu?" Ndipo mwalimu akawaeleza kwamba ng'ambo ya bahari iko Meksiko nyingine, na huko ndiko zilikotoka tamale, kakao, hata neno letu la gulio, tiangge. Tangu hapo Mama alitaka kujua jambo moja tu: je, watu wa kule wakila tamale zetu, watazitambua?

Alizipika maisha yake yote, akaziuza gulioni: unga wa mchele, tui zito, karanga, kuku na yai la chumvi, ndani ya jani la mgomba. Mwaka 1964 alifunga ndoa na marehemu baba, Feliciano Sunga, mkulima wa miwa. Pamoja na mume akapata wifi, Bi Hilaria, ambaye yuko hapa na anajua ninalotaka kusema.

"Wifi, tamale za kule ni za mahindi," alikuwa akimchokoza. "Huo wako ni uji uliovaa majani."

"Na bado unaufuata kila Jumapili!"

Desemba 2016 parokia ilipokea mtawa kutoka Meksiko ya ng'ambo, Sista Refugio. Bi Hilaria akamvuta Mama mbele: "Sista, wifi yangu naye kazaliwa Meksiko!" Sista akamkumbatia, akammwagia Kihispania mfululizo. Mama hakuambulia neno. Akajibu, "Amina." Lo, tulicheka!

Kisha Mama akamfungulia tamale. Sista akaonja, akauliza kwa Kiingereza, "Mama, mahindi yako wapi?"

"Nilisema mimi!" Bi Hilaria akapiga makofi.

"Lakini bibi yangu hufunga jani hivi hivi," Sista akasema, akachukua nyingine.

Mama aliridhika nusu. Mwaka uliofuata figo zikaanza kumsumbua, naye hakuacha kupika mpaka aliposhindwa kusimama. Januari mwaka huu, 2019, Sista alikwenda likizo kwao Puebla, katika Meksiko ya ng'ambo, akapika tamale za Mama kwa mchele na nazi, akapiga simu.

"Mama, wajomba zangu wamezila. Wanauliza hizi ni tamale za kijiji gani."

"Wameziita tamale? Wenyewe?"

"Wenyewe, Mama."

Mama, aliyekuwa hageuki bila kusaidiwa, akaketi kitandani. "Waambie ni za Meksiko! Na waongeze tui!"

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 19 Februari, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, baada ya kupokea Komunyo.

Ameacha watoto, mimi Leonora ninayesoma haya, Crisanto na Felisa, wajukuu, na wifi yake Bi Hilaria, aliyepika tamale mtakazokula baada ya maziko. Nilimuuliza kama ataweka mahindi. "Mahindi ya nini?" akanifokea, machozi yakimtoka. "Umeambiwa ni uji?"

Ee Bwana, mkaribishe Mama mezani pako, apumzike katika amani yako.