Mama Matone na Bipu Moja

Ndugu, jamaa na majirani, mliobanana humu ndani na nyie mliosimama nje juani, familia, kupitia mimi mtoto wa kaka yake marehemu, inaomba masikio yenu kidogo, maana maisha ya huyu mama yalikuwa habari ya masikio tangu mwanzo mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi redio na mshona nguo, akimfuata kaka yake, ambaye alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ana kibyongo. Shule ya msingi alianza 1968, sekondari 1975, akapita chuo cha mafundi wa maabara, na tarehe 1 Februari 1982 akaajiriwa chuo kikuu, idara ya ubongo, chumba cha mwisho kwenye korido, kile kisicho na dirisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, tuiseme kimtaani ili tusiachane njiani: anachukua kipande cha ubongo wa panya, chembamba kama ganda la kitunguu, anakiweka kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa hewa kisife, anasogeza sindano ya kioo mpaka iguse seli moja tu, halafu anadondosha tone la ile kemikali ambayo seli hutumia kupeana habari. Kwenye ngozi ya seli kuna vipokezi, yeye aliviita masikio, tone likigusa sikio, protini ya ndani inashtuka, inampasia mwenzake, mwenzake anampasia mwingine, mpira unafika golini, na kwenye kioo cha mashine mstari unaruka. Mwaka wake wa kwanza alimwaga matone kama anamwagilia bustani, seli ikaitika weee, kisha kimya, akaitupa akidhani imekufa, akatupa nyingi, mpaka mkuu wake akamwambia, mama, hizo ni nzima, umezipigia kelele zimeingiza masikio ndani, zioshe kwa maji safi ya chumvi, ziache, zitaitika. Kuanzia hapo hakumwaga tena, wenzake wakambatiza Mama Matone.

Alifunga ndoa tarehe 12 Julai 1986 na mpima ardhi, mtu wa utani, wakapanga ghorofa ya tatu juu ya fundi makochi, mpaka mpima ardhi alipokwenda kupima ardhi ya mbali, ikamnogea, hakurudi. Watoto hawakujaliwa.

Sasa simu za mkononi zilipoingia, ukoo mzima ulikuwa na Mama Matone mmoja, ada ya mtoto ni yeye, ugomvi wa mke na mume ni yeye, paa likivuja ni yeye, simu ilikuwa inalia mpaka inatembea yenyewe mezani, naye siku moja akaacha kupokea. Kwenye kikao cha familia, Desemba 2009, alijaribu kueleza, kaka, seli ukiiita sana inanyamaza, haijakuchukia, niacheni kidogo halafu mniite polepole, na kaka yake akamjibu mbele ya watu, sisi ni ndugu zako, mdogo wangu, siyo panya. Watu walicheka sana. Yeye alichukua mkoba wake, na kaka mtu akatangaza kwamba huyo keshakuwa jiwe, asipigiwe tena, na kweli hakupigiwa.

Alikula peke yake, simu imelala kando ya sahani. Mwaka 2016 mkono ulianza kutetemeka, sindano ikawa haifiki kwenye seli, madaktari wakamwambia ni ugonjwa wa mtetemeko, ubongo unaishiwa kemikali yake moja ya kutuma habari, akastaafu, ule mkono akawa anaukalia ili utulie.

Ndipo ikafika Jumapili, tarehe 15 Agosti 2021. Kaka yake, ambaye hajawahi kuwa na salio tangu simu zigunduliwe, alikuwa na desturi ya zamani na dada yake, bipu moja maana yake njoo, na siku hiyo alikalia simu yake kwenye kochi, ikabipu, ikakata, yeye hana habari. Jua halijazama, mlango ukagongwa, dada mtu kasimama na begi, viatu havifanani, mkono unacheza, anauliza, kaka, umeniita? Kaka aliitazama simu, akamtazama dada, akasema, nimekuita, mbona umechelewa, akamsogezea kiti.

Baadaye, akimenya viazi na wifi yake, Mama Matone alisema kwamba seli isiyoitwa muda mrefu haifi, inaotesha masikio mengine, tone dogo tu inaruka. Aliishi hapo mpaka tarehe 3 Juni 2023, alipofariki hospitalini kwa homa ya mapafu, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa kaka yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa korido ile, majirani wote, na fundi makochi aliyembebea begi siku ile mpaka kituoni bila kuuliza kitu.

Leo asubuhi, jeneza likiwa mlangoni, simu ya marehemu imelia kwenye mkoba wake, mara moja, ikakata. Wote tuligeuka tukamwangalia kaka yake, naye alikuwa amesimama, simu mkononi.

Shangazi, umeitwa. Safari hii usihangaike na viatu, pumzika, amani iwe nawe.