Sindano Iliyowaka: Maisha ya Mzee Mwanga

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mwanga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa nne wa mpiga chapa na mkunga. Dirisha lao lilitazamana na bango la sabuni la neoni, lile la mirija ya kioo yenye gesi inayowaka kwa rangi, hivyo watoto walilala wakiwa mara wekundu, mara buluu.

Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi wa umeme, akahitimu mwaka 1973. Mwalimu wake alimsifu kwa mikono myepesi, akalalamikia masikio mazito. Familia haijapata sababu ya kumpinga.

Aliajiriwa na manispaa. Mwaka 1979 iliamuliwa kwamba neoni imepitwa na wakati, naye akakabidhiwa ngazi na mpini wa ufagio. Utaratibu ulikuwa kuvunja mirija kwanza, isije ikawaangukia wapita njia, ndipo bati la bango lishushwe. Alivunja kwa bidii, akapongezwa. Kisha akafika kwa fundi nguo mmoja, ambaye bango lake lilikuwa cherehani yenye sindano inayopanda na kushuka.

"Kijana, ningoje nifunge duka," fundi alimwambia kutoka chini. "Nisione."

"Namaliza sasa hivi, mzee," alijibu marehemu, na kweli akamaliza.

Fundi alifagia vioo mwenyewe, kisha akamletea maji ya kunywa. Maji hayo yalimkaa kooni maisha yake yote.

Alirudi kuomba radhi, akashindwa pa kuanzia, akajikuta anapimwa suruali. Ikawa hivyo kila aliporudi, mpaka binti wa fundi akamwuliza, "Kwani kaka, una miguu mingapi?" Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982. Baba mkwe hakulitaja bango lile mpaka anaingia kaburini, adhabu ambayo marehemu aliiona kali kupita kiasi.

Aliacha kazi, akaanza kuokota mabango kwenye majalala na nyuma ya maduka, akayatengeneza na kuyatundika katika ghala lililofunguliwa kwa wote kila Jumamosi. Kila bango lina kibandiko: lilikotoka, lilichotangaza na aliyelivunja. Kwenye vibandiko vingi mvunjaji ni yuleyule.

Ile cherehani ya neoni aliiunda upya, sindano na yote, kisha akaifunika shuka stoo. Alisema ni nakala tu.

"Baba watoto, baba alishakusamehe," mkewe alimwambia. "Si alikupa mimi?"

"Alinipa wewe. Kusamehe hakusema."

"Angesema saa ngapi? Kila alipofungua mdomo uliagiza suruali."

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni 2023, mkono wake mikononi mwa mkewe. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: "Umeifunika?"

"Nimeifunika," alijibu mkewe, aliyekuwa ameifunua asubuhi ile.

Tangu jana cherehani inaning'inia juu ya mlango wa ghala, inawaka. Kibandiko ameandika mjane: "Ilivunjwa na mume wangu. Ikatengenezwa na mume wangu. Baba angeipenda."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na suruali nyingi ambazo hazijavaliwa.

Apumzike kwa amani, na safari hii aipokee.