Udongo Ambao Hatukuufagia

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Wilaya yetu ya Koboko, wazee wetu na mama zetu wa mtaa, salaam kwenu nyote.

KARIBU

Tumefurahi umefika, tena asubuhi, kabla jua halijachemsha harufu ya gereji. Harufu hii si ya kukudharau. Tutaieleza.

TULIKOTOKA

Sisi ni mafundi kumi na wanane. Kwa miaka mingi tulimwaga oili chafu chini, mpaka kisima cha jirani, alipokuwa akichota mama Ayikoru muuza chai, kikafanya utando wa mafuta. Ninyi wa wilaya mkakifunga kwa kufuli. Mlikuwa na haki, nasi tuliona haya.

TULIYOFANYA

Binti yetu Latifah, mtafiti, alituonyesha kwamba ndani ya udongo huu mweusi wamo vijidudu wanaokula mafuta. Mmoja anakata, mwingine anakula mabaki, mwingine anawalisha wenzake. Ubovu wa gari haujulikani kwa kutazama plagi moja, kwa hiyo aliwasoma wote pamoja kwenye kompyuta, nani anampa nani nini. Akagundua wamekosa hewa na mbolea. Tukaleta samadi ya mbuzi kutoka Lobule, na kila Ijumaa baada ya swala tunageuza udongo kwa koleo. Leo mchicha umeota pale ambapo hata magugu yalikataa!

CHANGAMOTO

Kubwa tulijitakia wenyewe. Uliposema utakuja mwezi wa tatu, tulifanya kama tulivyolelewa na baba zetu wanajeshi: mgeni akija, kila kitu king'ae. Fundi Siraji akamwagia udongo ndoo mbili za dawa ya kuua vijidudu. Latifah alipofika, alikaa chini akalia.

"Dada, mgeni iko kuja, udongo iko nuka," Siraji akamwambia. "Mi nilisafisha tu."

Ziara yenyewe ikaahirishwa. Tukaanza upya. Ndiyo maana leo hatukufagia.

OMBI

Hatuombi fedha. Tunaomba afisa wa maji apime kisima. Latifah amekipima mara tatu, mara zote maji ni safi, lakini kufuli ni lenu. Mama Ayikoru bado anabeba jerikeni kutoka mtaa wa pili, na bado anatuuzia chai bila kinyongo. Hilo linatuuma kuliko kufuli.

Mkikifungua, kikombe cha kwanza asipewe yeye, wala wewe. Tutakunywa sisi tuliomwaga oili, Siraji akitangulia.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na mikono yako ibarikiwe kwa kila utakachofungua.

Ni sisi, Mafundi wa Gereji ya Pamoja, Koboko.
Imesomwa na Hasifa Muzamili, fundi umeme wa magari.