Tisa kwa Kumi

"Kumbe ni wewe!" fundi cherehani alimwambia karani wa takwimu aliyeketi mbele yake kwenye treni. "Ndiwe uliyeandika kwamba mtaa wetu una furaha tisa kwa kumi!"

"Mlisema wenyewe, mama. Niliuliza habari, kila nyumba ikajibu nzuri."

Fundi alishika kichwa. Mtu mwenye adabu akiulizwa habari ajibu nini? Unaanza na nzuri, halafu ndipo unasema paa linavuja, mgongo unauma na mume hasikii la mtu. "Ungengoja kidogo, baba! Sasa muuguzi wetu amehamishiwa mtaa wa pili, eti sisi tumeshiba furaha. Kwa wale wasioitikia hata salamu!"

"Wale walinifungia mlango," karani alikiri. "Nikaandika mbili. Lakini fomu za mwaka huu ninazo hapa. Nikuulize upya?"

Fundi alikunja uso, akalegeza mabega kama aliyelala njaa siku tatu. Moyoni alishakata shauri: atasema moja, maana sifuri ingeonekana utani. Abiria wa jirani walisogea ili ateseke kwa nafasi.

"Haya, mama. Kwa ujumla, maisha yako..."

Simu ya fundi ikalia. Alikuwa mkwewe, na simu ya mkwe haiachwi ikaita mara mbili.

"Hatujambo kabisa, mkwe wangu!" alipaza sauti, uso umemkunjuka wote. "Wazima wa afya, raha mustarehe, hatuna neno!"

Treni iliposimama, karani alikuwa ameshaandika kumi.